Desturi, Shauri na Dharura

Katika mwaka 2024 karibu kila mwenye mita ya umeme ya LUKU, awe muuza mpunga wa Kahama, mwalimu wa Shinyanga mjini au mwenye duka la koleo na kamba huko Nyarugusu, ilimfikia siku ambayo, akinunua umeme kama alivyozoea, aliletewa katika simu yake si tarakimu 20 za siku zote bali makundi matatu ya tarakimu 20, pamoja na maelekezo kwamba ayaingize yote katika mita, moja baada ya jingine, kwa mpango ule ule yalivyoandikwa. Nilikuwapo dukani Kahama siku mama mmoja wa makamo alipopata ujumbe wake. Aliutazama kitambo, akamkabidhi simu kijana wa dukani, akachana ubavu wa boksi la sabuni, akaomba kalamu, kisha akasema, "Nisomee polepole, mwanangu, nne nne." Kijana akasoma nne nne, mama akaandika nne nne, mistari mitatu, na kila mstari ulipotimia aliurudia yeye kwa sauti ili kijana asikilize kama haukukosewa. Nimefanya kazi katika ofisi za kompyuta kwa miaka mingi, na sina hakika kama nimepata kuona badiliko likitayarishwa kwa hadhari kuliko lile.

Sababu ya makundi yale matatu inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndani yake mna karibu somo lote la sura hii. Tokeni ya umeme hubeba, imefichwa katika msimbo, saa ya kutolewa kwake, nayo mita huiweka saa hiyo katika kumbukumbu ili tokeni iliyokwisha tumika isipate kuingizwa mara ya pili. Mafundi wa Afrika Kusini walioubuni utaratibu huu, ambao leo hutumika katika nchi nyingi, waliamua kuihesabu saa hiyo kwa dakika, wakianzia tarehe 1 Januari 1993, na wakaitengea nafasi ya biti 24, yaani daftari dogo lenye mistari ya dakika 16,777,216 na si zaidi. Ukizigeuza dakika hizo kuwa siku utapata siku 11,650 na saa ishirini na ushei. Na ukizihesabu siku hizo kutoka ile ya kwanza ya mwaka 1993 utasimama juu ya tarehe 24 Novemba 2024. Siku hiyo daftari lingejaa, hesabu ingerudi sifuri, na mita ambayo haikutayarishwa ingeiona kila tokeni mpya kuwa kongwe kuliko zote ilizopata kuzipokea, na kwa hiyo ingeikataa, hata kama mwenye nyumba ameilipia fedha halali. Dawa ilikuwa kubadili ufunguo wa siri ulio ndani ya kila mita na kufungua daftari jipya. Makundi mawili ya kwanza ndiyo yaliyofanya kazi hiyo, na la tatu ndilo lililobeba umeme.

Kadhia hii moja imezikusanya aina zote tatu za mabadiliko ambazo mtu yeyote mwenye dhamana ya mitambo ya huduma hana budi kuzitambua. Kuingiza tokeni ya kila wiki ni jambo linaloibadili hali ya mita, lakini hatua zake zajulikana, hatari yake ni ndogo, na idhini yake ilitolewa zamani mara moja kwa wote, hata mtoto wa darasa la tatu hutumwa kulifanya. Kubadili ufunguo wa mita zote za nchi ni jambo jingine kabisa, lililotaka kupimwa, kujaribiwa, kutangazwa na kupangiwa muda. Na yule aliyepuuza matangazo, akaja kugundua usiku wa manane, baada ya siku ile ya Novemba kupita, kwamba mita yake haipokei kitu ilhali ndani kuna friji iliyojaa samaki wa kuuza, yeye alikuwa na jambo la aina ya tatu, na fundi aliyempigia simu alilipokea hivyo.

Waingereza wana majina ya aina hizi, lakini majina ya aina mbili za kwanza yana balaa moja, kwamba ukiyafasiri kwa Kiswahili yote mawili hugeuka kuwa "ya kawaida". Nimepata kukaa katika kikao ambamo watu wazima, wenye shahada zao, walishindana robo saa nzima, kumbe nusu yao walikusudia kawaida hii na nusu walikusudia kawaida ile. Ili tusipoteze wakati namna hiyo, katika kitabu hiki nimeyaita ya kwanza mabadiliko ya desturi, ya pili mabadiliko ya shauri, na ya tatu mabadiliko ya dharura. Msomaji atakayeona majina bora na ayatumie, maadamu hatatumia neno moja kwa vitu viwili.

Mgawanyo wenyewe si wa jana. Katika miaka ya 1980 idara moja ya serikali ya Uingereza, iliyojulikana kwa herufi CCTA, iliona kwamba kila ofisi ya umma inaendesha kompyuta zake kwa namna yake, kwa gharama kubwa na matokeo haba, ikaanza kukusanya katika vitabu mazoea mema ya waliofaulu. Vitabu hivyo ndivyo vilivyokuja kuitwa ITIL, na toleo lake la nne, lililoanza kutoka Februari 2019, ndilo lililosomwa sana na vijana wa TEHAMA waliotafuta vyeti. Humo badiliko hufafanuliwa kuwa ni kuongeza, kugeuza au kuondoa kitu chochote kinachoweza kuigusa huduma, kwa njia ya wazi au ya kuzunguka. Ufafanuzi huo ni mpana kwa makusudi. Kuchomoa waya ni badiliko. Kumpa karani mpya ruhusa ya kuona mishahara ni badiliko. Kuuhamisha mtambo wa mizani ya malori kutoka kibanda hiki hadi kile ni badiliko. Jambo jingine la kutazamwa ni kwamba toleo hilo la nne halipendi tena kusema juu ya kuyatawala mabadiliko, bali husema juu ya kuyawezesha, na mimi naona ugeuzi huo wa neno una insafu, kwa sababu ofisi nyingi zilikuwa zimefika mahali pa kudhani kwamba msimamizi mwema wa mabadiliko ni yule anayeyazuia.

Tuanze na desturi, ambayo wengi huiruka upesi kwa kuiona nyepesi, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye hatari kuliko zote.

Mchimbaji mdogo wa Rwamagasa anayeshuka duarani, yaani katika shimo la dhahabu, asubuhi na kukuta gogo moja la matimba, yaani yale magogo yakingiayo kuta zisiporomoke, limeanza kulainika, halazimiki kumwita mwenye duara wala kuitisha kikao. Hulitoa, hutia jingine la unene ule ule, hulikaza kwa kabari, kisha huendelea na kazi yake. Hilo ni badiliko la desturi lililo kamili: limefanywa mara nyingi, kila mmoja ajua jinsi lifanywavyo na lifanyikapo vibaya huonekana mara moja. Lakini mchimbaji huyo huyo akilitoa gogo lile akaona nyuma yake maji yanachuruzika mahali ambapo hayakupata kuonekana, akiwa mtu mzoefu hatalitia gogo jipya na kunyamaza. Atapanda juu, atamwambia mwenye duara, na wote watatoka kwanza. Gogo ni lile, kabari ni ile, nyundo ni ile. Kilichogeuka ni kwamba hajui tena kitakachofuata. Ndiyo maana sikubaliani na ofisi zinazobandika ukutani orodha ya vifaa, hiki ni cha desturi na hiki ni cha shauri, kana kwamba aina ya badiliko imo ndani ya chuma. Aina ya badiliko imo katika maarifa tuliyo nayo juu ya matokeo yake siku ile tunapolifanya, na maarifa huweza kupungua bila mtu kutanabahi.

Niliyajua haya kwa aibu. Nilikuwa nikiitumikia kampuni moja iliyokuwa mkandarasi wa mgodi katika ukanda huu wa dhahabu, na kazi yetu mojawapo ilikuwa kubadili swichi za mtandao, yale masanduku madogo yenye matundu ya nyaya, kila moja lilipochoka kwa vumbi na joto. Tulikuwa tumekwisha badili zaidi ya ishirini bila kisa, na kwa hiyo zilikuwa desturi: unachomoa, unachomeka, unaondoka. Jioni moja tukabadili ile ya langoni, saa kumi na moja na nusu, tukaenda kunywa chai. Saa kumi na mbili zamu ya usiku ikafika, mabasi matatu, na mashine za alama za vidole zikamkataa kila mtu. Wafanyakazi wakasimama katika vumbi la taa za mabasi, kofia kichwani, wakiweka kidole, wakifuta kidole kwenye suruali, wakiweka tena. Mlinzi wa zamu, mzee aliyetuzidi sote umri, hakubishana na mashine. Alitoa daftari la kaunta, akapiga mistari kwa rula, akawasha taa ya kofia aliyoazima kwa mchimbaji mmoja, akaanza kuandika majina. Tulipofika mbio mbio alituuliza bila kuinua kichwa, "Wanangu, vidole vya watu ni vile vile vya jana. Kilichobadilika ni nini?"

Ilituchukua saa mbili kumjibu, nazo zilipotea kwa sababu moja tu, kwamba kubadili swichi ile hakukuandikwa popote. Lilikuwa jambo la desturi. Nani aandike jambo la desturi? Mwenzangu alikuwa akichungua mtambo wa vidole, mimi nilikuwa nikiulaumu umeme, na hakuna aliyekumbuka sanduku. Kumbe swichi ile haikutoka dukani kama zile nyingine ishirini bali ilirudi kutoka karakana, ikiwa bado na maagizo ya mahali ilikotoka, na ilipowashwa ikaanza kugawa anwani zake yenyewe kwa kila mashine iliyo langoni, mashine zikapotea njia ya kwenda kwenye kompyuta kuu. Tofauti kati ya swichi mpya na swichi iliyorudi ilikuwa ndogo mno hata hatukuiona kuwa tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyolitoa badiliko letu katika desturi na kulitia katika shauri, sisi hatuna habari. Nikaazimia tangu siku ile kwamba jambo la desturi husamehewa kikao, lakini halisamehewi kuandikwa: mstari mmoja, kifaa gani, saa ngapi, nani.

Nisingethubutu kuisimulia aibu hii ndogo lau wakubwa wa dunia wasingepatwa na ile ile. Ijumaa tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani, iuzayo programu ya kulinda kompyuta dhidi ya wavamizi, ilipeleka kwa wateja wake duniani kote faili dogo la maarifa mapya juu ya mbinu za wavamizi. Mafaili ya jinsi hiyo ilikuwa ikiyapeleka mara kwa mara, na hayakupitishwa katika majaribio marefu na usambazaji wa hatua kwa hatua uliowekewa programu yenyewe, kwa kuwa yalihesabiwa kuwa mepesi. Ndugu zake wa aina ile ile walikuwa wamekwisha pelekwa Machi na Aprili mwaka huo bila madhara, na kila aliyepita salama aliongeza imani. Faili la Julai lilitaka sehemu 21 za habari, ilhali programu iliyokuwa ndani ya kompyuta ilikuwa ikitoa 20. Ilipokwenda kuitafuta ile ya ishirini na moja ilinyoosha mkono nje ya kumbukumbu yake, na kompyuta nzima ikaanguka. Kampuni ililirudisha nyuma faili lake saa 2:27, dakika 78 baadaye, lakini katika muda huo kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft, zilikuwa zimekwisha zimika, ndege zikalala viwanjani na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Na kwa kuwa kompyuta iliyoanguka haiwezi kupokea dawa kwa mtandao, nyingi zilitaka mtu aziendee moja moja kwa miguu. Mafundi wale walikuwa hodari wa kazi yao, lakini jina la desturi lilikaa juu ya kitu ambacho desturi yake ilikuwa imekwisha vunjika mahali pamoja, katika hesabu ya 20 na 21.

Shauri ni jambo la watu wengi. Badiliko la shauri ni lile ambalo mtu mmoja, hata awe stadi, hana haki ya kuliamua peke yake, ama kwa sababu matokeo yake hayajulikani vya kutosha, ama kwa sababu yanajulikana na ni makubwa. Huandikwa kwanza, na anayeliandika huulizwa nani ameliomba na kwa faida gani, litamgusa nani, likiharibika litarudishwaje, na ni badiliko gani jingine lililopangwa siku ile ile ambalo huenda likagongana nalo. Swali hili la mwisho husahauliwa kuliko yote, na madhara mengi niliyoyaona yalitokana na mabadiliko mawili mema yaliyokutana njiani. Dogo huidhinishwa na mkuu wa sehemu, kubwa hupelekwa mbele ya baraza la mabadiliko, na kubwa mno hupanda hadi kwa wakurugenzi wenyewe, kwa kuwa fedha na sifa zitakazopotea ni zao.

Katika ukanda wa dhahabu baraza hilo lina tabia yake, kwa sababu mgodi haulali. Migodi mikubwa kama ule wa Geita, ulioanza kazi mwaka 2000, na wa Bulyanhulu ulioufuata mwaka 2001, hujengwa ili kinu kisage mawe usiku na mchana, na saa moja ya kinu kilichosimama ni dhahabu ambayo haikutoka. Mtu wa kompyuta aliyezoea mabenki ya mjini, ambako usiku wa manane mambo hutulia, akija huku hukuta kwamba saa nane ya usiku na saa nane ya mchana ni ndugu. Lakini ndani ya kinu mna mabamba ya chuma yanayoliwa na mawe, na hapana budi kinu kisimamishwe kwa ratiba ili mabamba yabadilishwe. Siku hizo chache watu wa mitambo huzingojea kama mkulima wa pamba wa Shinyanga angojeavyo mvua ya kupandia, na kila mwenye badiliko lake la shauri hukimbilia kuliingiza humo. Hapo ndipo baraza hustahili posho yake: kukataa mabadiliko kumi na mawili yasirundikwe katika saa kumi na nane, hata kama kila moja, likitazamwa peke yake, halina kasoro. Kuna na siku ambazo hufungwa kabisa, kama siku za kutayarisha mishahara na za kumimina dhahabu. Vivyo hivyo kwa wadogo: tangu lilipofunguliwa soko la madini la Geita mwezi Machi 2019, na mengine yaliyofuata, mchimbaji huleta dhahabu yake ipimwe, ithaminiwe na ikatwe mrabaha kabla haijauzwa, naye huwa ametoka porini alfajiri na kuacha nyuma watu wanaongoja kulipwa; asiyejua hilo asipewe kazi ya kupanga saa ya kuzima mtambo wa malipo.

Juu ya mabaraza yenyewe nina neno, na si la sifa tupu. Mwaka 2018 Nicole Forsgren na wenzake wawili walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miaka kadhaa juu ya taasisi zinazotengeneza programu, na wakaonyesha kwamba mahali ambapo kila badiliko lazima lipate idhini ya wakubwa walio nje ya kikundi cha kazi, kazi hucheleweshwa, ilhali mabadiliko yanayoharibika hayapungui. Wapo walioshangaa, lakini aliyepata kukaa katika baraza la namna hiyo hakushangaa. Watu wanane wasioijua swichi, wakiletewa karatasi kumi na tano katika saa moja, hawapimi hatari. Hupima jinsi karatasi ilivyojazwa. Baraza linalofaa ni la wachache ambao kila mmoja atapata hasara yake mwenyewe jambo likiharibika: mtu wa kinu, mtu wa langoni, mtu wa mishahara, na fundi atakayeamshwa usiku. Yule mzee wa daftari la kaunta, kwa mfano, hakupata kuitwa barazani hata siku moja, na ndiye aliyejua kwamba saa kumi na moja na nusu si saa ya kugusa lango.

Na lipo sharti la kurudi. Badiliko la shauri lisilo na njia ya kurudi si haramu, lakini lataka kukubaliwa kwa macho wazi kuwa halina. Benki ya TSB ya Uingereza iliwahamisha wateja wake wapatao milioni tano kutoka mtambo wa zamani hadi mpya katika mwisho mmoja wa juma wa Aprili 2018, wote kwa pamoja; Jumatatu ilipofika wateja waliofungiwa nje ya akaunti zao walifika hadi milioni 1.9, ilichukua miezi kurudi katika hali njema, na Desemba 2022 benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Ukilinganisha na mita zetu, utaona uzuri wa jambo ambalo wengi waliliona kero. Ufunguo wa mita ulibadilishwa nyumba kwa nyumba, kila mtu siku anunuapo umeme, miezi kadhaa kabla ya siku ya mwisho. Mama wa Kahama akikosea tarakimu, jirani yake hakuingia gizani, na yeye mwenyewe alianza upya kwa kalamu ile ile.

Imebaki dharura, na katika nchi hii ya Wasukuma sina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipowashinda polisi, vijiji vya Kahama na Shinyanga viliunda sungusungu, na silaha yao ya kwanza ilikuwa mwano, ule ukelele wa hatari unaopokewa kutoka mji hadi mji hadi nyika nzima iwe macho. Mwano ukipigwa hakuna anayeuliza ajenda. Kila mwenye nguvu hutoka, na asiyeitikia huja kuulizwa sababu. Lakini kesho yake watu hukaa chini ya mti, nao huuliza kwa utulivu kilichotokea, nani alikiona kwanza, njia gani ilikuwa wazi. Badiliko la dharura lina sura hizo mbili, na ofisi nyingi zina ile ya usiku tu.

Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika katika pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikadhoofu kutoka Dar es Salaam hadi huku kwetu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, ulikuwa mzima, kwa hiyo Geita iliweza kuzungumza na Dodoma. Lakini mlango wa kutokea nje ya nchi ulikuwa umebaki mwembamba, na kila kilichohifadhiwa ng'ambo, tangu barua pepe za ofisi hadi video za vijana, kilipita kwa taabu au hakikupita. Katika saa hizo kuielekeza mizigo kwenye nyaya nyingine na njia za nchi kavu haikuwa kazi ya kungoja kikao cha Alhamisi. Watu wawili au watatu wenye mamlaka hukubaliana kwa simu, hujaribu kinachoweza kujaribiwa, hutenda, na karatasi hufuata nyuma. Hufuata, lakini lazima ifike.

Nasema hivyo kwa sababu ya waya mmoja. Usiku ule wa langoni, kabla hatujaijua swichi kuwa ndiyo mkosaji, tulitandaza waya wa muda kutoka ofisi ya stoo, juu ya ukuta, hadi kwenye mashine mojawapo ya vidole, ili zamu ipite walau kwa foleni moja. Tulikubaliana kuutoa asubuhi. Hakuna aliyeuandika, hakuna aliyeutoa, na waya ule wa usiku mmoja ulikaa miezi saba, mpaka boza la maji lilipoupitia na kuukata, na mashine ya vidole ikanyamaza tena, na sisi tukaanza upya kuulaumu umeme.

Kuna na dharura ya kujitakia, nayo imeenea kuliko ile ya kweli. Cheti cha usalama cha mtambo wa malipo hutolewa na tarehe ya mwisho imeandikwa juu yake. Kuisha kwake hakuwezi kumshtua mtu aliye na kalenda, lakini nimeona wakubwa wakipigiana simu saa sita ya usiku kana kwamba simba ameingia zizini. Wengine hufanya hivyo kwa ajizi, na wengine, nasema kwa kuwa nimewajua, hufanya kwa ujanja, wakilichelewesha jambo la shauri makusudi hadi ligeuke dharura, ili lipite bila maswali ya baraza. Ukitaka kuijua ofisi ya mitambo bila kusoma ripoti zake, omba daftari la mabadiliko ya mwaka, uhesabu ni mangapi yaliyoandikwa dharura, kisha uulize katika hayo ni mangapi ambayo tarehe yake ilijulikana mwezi mmoja kabla.

Tarehe ya mita za LUKU ilijulikana tangu siku hesabu ile ilipobuniwa, kwa yeyote aliyekuwa na penseli ya kugawia hesabu. Yule mama wa Kahama alipomaliza mistari yake mitatu alikikunja kipande cha boksi, akakitia katika pindo la kanga, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimejitia kumweleza maana ya biti na dakika. "Na hilo daftari jipya nalo," akauliza, "litajaa lini, baba?" Nikamwambia kwamba hesabu mpya wameianzia mwaka 2014, nayo ni ya dakika zile zile, kwa hiyo itafika mwisho tarehe 24 Novemba 2045. Akaomba tena kalamu, akakifungua kile kipande cha boksi, akaiandika tarehe hiyo chini ya mstari wa tatu.